Asante ya Wageni

Bi Mkasi hakupewa jina hilo kwa ajili ya ushonaji peke yake. Ulimi wake nao ulikata. Siku walipomzika mama yao, ulimkata mdogo wake mbele za watu: "Wewe ulikuwa wapi mama akiugua?" Mdogo mtu alikuwa amelazwa wakati ule, mimba ikimtesa, na Bi Mkasi alilijua hilo vizuri. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo walishona katika chumba kimoja wamepeana migongo, cherehani zikisema, wao kimya. Neno moja tu lilibaki kati yao. Mchana kila mmoja alifunua bakuli lake akasema, "Karibu," maana hata uwe na kinyongo cha namna gani, huwezi kula mbele ya mtu kimya kama paka. Mwenzake akajibu, "Asante." Na asante ya hapo, kila aliyelelewa akaleleka anajua, maana yake ni hapana. Njaa na ikusokote tumbo, wewe utasema asante, umeshiba.

Sasa mdogo alikuwa amepata chumba mtaa wa pili. Jumamosi angehamisha cherehani yake. Bi Mkasi hakutaka aende, roho ilimuuma, lakini kila alipofungua mdomo aliishia kuuma uzi. Mwanamke aliyewahi kumgombeza mwenye nyumba mpaka akasahau kodi aliyoifuata!

Alhamisi mchana wakaingia wageni kutoka nchi za mbali, mke na mume, kuchukua suruali ya mume iliyokuwa ikipunguzwa urefu. Waliwakuta mafundi ndio kwanza wamefunua mabakuli.

"Karibuni," wakasema dada wote wawili kwa pamoja, kwa mazoea tu.

"Asante sana!" akajibu mke, akavuta kiti akaketi. Mumewe akajiweka juu ya robota la vitambaa, akakunja mikono ya shati.

Bi Mkasi akachungulia bakuli lake. Lilikuwa na wali wa mtu mmoja, tena mtu mwenyewe asiyekula sana. La mdogo wake lilikuwa na maharage. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wakatazamana usoni.

"Tutafanyaje?" akanong'ona.

"Lete huo wali wako, dada," mdogo akanong'ona naye. "Kama ni kuaibika, tuaibike pamoja."

Wakaondoa chaki na pini kwenye meza ya kukatia, wakachanganya vyakula, wakawanawisha wageni mikono. Mume alisifu kila tonge kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Bi Mkasi alipoonja maharage, mkono ukasimama.

"Umezidisha chumvi."

"Kama mama," akajibu mdogo.

Wote wawili wakainamisha vichwa, wala hakuna aliyeuliza kwa nini macho yalikuwa mekundu. Wageni waliaga kwa furaha, suruali wakaiacha ikining'inia msumarini. Dada hao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha, kila mmoja akarudi kwenye cherehani yake, na migongo ikatazamana tena.

Ijumaa Bi Mkasi alipika wali wa sufuria nzima. Mchana ulipofika akageuza kiti.

"Mdogo wangu, siku ile ya mazishi nilikuonea. Nilijua unaumwa, na bado nikasema. Nisamehe." Akafunua sufuria. "Karibu."

Mdogo hakugeuka. Aliukata uzi kwa meno.

"Asante," akasema.

Bi Mkasi akachukua kifuniko taratibu, akaanza kuufunika wali wake. Ndipo aliposikia kiti kikiburutwa sakafuni.

"Mbona unafunika, dada?" mdogo wake aliuliza, bakuli la maharage mkononi. "Hiyo ni asante ya wageni. Cherehani yangu haiendi popote. Na kesho upike mwingi hivi hivi."