Viti vya Upande wa Mlango

Kabla haijawa maktaba, ile nyumba ya kambi ya Lukole ilikuwa ghala la maharage. Hata baada ya kupakwa rangi, mvua ikinyesha harufu ya maharage makavu ilirudi yenyewe bila kualikwa. Mimi niliipenda hivyo hivyo. Nilitoka kijijini kwetu Bugarama, nje ya kambi, na kidato changu cha pili, nikapewa kazi ya kufagia, kupanga vitabu na kuwasha jenereta. Nilipoambiwa kwamba vitabu vile ni vya chuo kikuu, nikatuma salamu nyumbani kwamba nimeingia chuo kikuu. Uongo haukuwa mkubwa sana.

Chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya bahari. Kiliwasomesha wakimbizi wachache, Warundi ambao vita viliwakatiza masomo, kwa vitabu vya kutumwa na kwa kompyuta chakavu iliyokaa pembeni. Siku hizo rafu zetu zilikuwa ndefu, karibu zishike dari, na zilisimama karibu karibu kiasi kwamba kati yake kulikuwa na vichochoro. Kila mwanafunzi alikuwa na kichochoro chake. Ukiingia uliona vitabu tu, watu huwaoni. Ulisikia karatasi ikigeuzwa, mtu akikohoa, basi.

Halafu chuo kikaagiza maktaba ibadilishwe. Msimamizi wetu, mama wa Kihaya kutoka Bukoba, alinionyesha picha ya maktaba ya chuo huko ng'ambo: kuta za kioo, meza za duara, vijana wameinamia kompyuta moja wanacheka. Niliitazama hadi chai yangu ikapoa. Msimamizi akanieleza kwamba maktaba ya siku hizi si ya kunyamaza, watu wanasoma kwa kushirikiana. Nikaona ni haki kabisa. Kwetu pombe ya ndizi hainywewi kila mtu na kikombe chake kichochoroni. Mnauzunguka mtungi, mirija ndani, maneno juu. Kwa nini elimu iwe tofauti?

Vioo vya madirisha vilitoka Biharamulo mjini, katika msafara wa polisi, maana pori lile miaka hiyo halikupitika bila bunduki. Vilifungwa katikati ya magodoro, na askari mmoja akakaa juu yake tangu Runazi kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Hakikuvunjika hata kimoja. Dereva alisema amewahi kusindikizwa akibeba mahindi, na dawa, na maiti, lakini madirisha ndiyo mara ya kwanza. Nilicheka peke yangu.

Mafundi wakakata rafu nusu, wakazisogeza ukuta wa nyuma. Ukuta wa mbele, unaotazama baraza, wakautoboa madirisha mapana pande zote mbili za mlango. Katikati wakaweka meza moja kubwa ya duara, kompyuta mpya zimeizunguka, viti vimeizunguka. Usiku wa kuamkia kufungua sikupata usingizi kwa furaha.

Asubuhi wanafunzi walifika, wakasimama mlangoni. Wakaingia. Kisha kila mmoja akabeba kiti, akakipeleka ukuta wa nyuma, akakaa mgongo umegusa ukuta, kitabu mapajani. Meza ikabaki katikati na kompyuta zake kama karamu iliyokosa wageni. Niliwaambia wakaribie, meza haiumi. Wakaendelea kusoma.

Kila jioni nilirudisha viti, kila asubuhi wakavikokota. Baadaye haja ya kompyuta iliwavuta mezani, lakini upande wa mbali tu, ule unaotazama mlango. Walibanana pale kiwiko kwa kiwiko kama kuku kwenye kichanja, na viti vya upande wa mlango vikabaki vitupu. Mama mmoja aliyekuwa akisoma na mtoto mgongoni alikuwa tayari kusimama asubuhi nzima kuliko kukaa huko. Nikamtania, nikamuuliza kama hivyo viti vina upupu. Alinijibu kwa Kirundi, ambacho ni ndugu wa Kihangaza chetu, kwamba upupu havina, vina mlango.

Aliyenieleza vizuri ni kijana mmoja mrefu tuliyemwita kaka. Kwao alikuwa amefika mwaka wa pili wa chuo kikuu kabla ya kukimbia. Ndiye aliyewafundisha wenzake hesabu, na mimi akanifundisha kuchapa, akiniita Bibi Maktaba. Alisimulia huku akifuta kompyuta vumbi, kama anayesimulia habari za mvua. Alisema siku chuo chao kiliposhambuliwa walikuwa ukumbi wa kusomea, meza za duara, wanashirikiana, kama picha ile ya msimamizi.

"Tuliokaa tukitazama mlango, baadhi tulitoka dirishani," akasema. "Wale wa upande mwingine hawakujua hata ni nani ameingia."

Nikamuuliza ni nani aliyeingia. Akasema walikuwa wanasoma nao.

Tangu hapo sikurudisha viti tena. Niliviacha walipoviweka, na nikifika zamu yangu nikawa natazama mlango na mimi.

Wakati huo malori yalikwisha kuanza kuwarudisha watu kwao. Kila wiki mtaa mmoja wa kambi ulivuliwa maturubai, zikabaki kuta za udongo zinakodoa macho. Kila mtu alijua kwamba Lukole haina mwaka mwingine. Kaka alikuwa amebakiza mtihani mmoja. Akifaulu, chuo kingempa nafasi, nauli na makaratasi ya kwenda kumalizia huko huko ng'ambo. Asipoufanya, ni lori, na kule lori liendako walikuwepo watu wanaoikumbuka sura yake.

Basi ndipo alipotokea mtu wa baiskeli. Alivaa koti la kahawia kwenye jua kali, baiskeli haina mzigo, anaegemea nguzo ya baraza na kutazama ndani kupitia madirisha yetu mapya. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamkaribisha, nikamwambia vitabu havibagui. Akaitikia marahaba kwa upole, kwa Kiswahili kilichosoma kuliko changu. Kisha akauliza kama kila mwanafunzi ana kiti chake maalumu, au wanakaa popote.

Nilimjibu kwamba popote. Nikaingia ndani nikamkuta kaka vidole vimesimama juu ya kompyuta.

"Yule nilisoma naye," akasema.

Tuliripoti kwa walinzi. Walipokuja hakuwepo. Kesho yake akawepo, wakamhoji, kadi yake ya posho ilikuwa sawa, na kusimama barazani si kosa. Waliondoka. Yeye akabaki, akawapungia mkono.

Nikaomba niweke kanga madirishani. Msimamizi akakataa: kanuni ya mtihani ilisema mlango usifungwe kwa ufunguo na madirisha yasizibwe, ili yeyote apitaye aone kwamba haki inatendeka. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika kuomba kaka afanyie mtihani kituo cha polisi, akajibiwa kwamba kompyuta ni zile zile zilizosajiliwa, na saa ni ile ile. Wiki ile alikuwa akiirudisha sahani yake ya mchana ilivyokuja.

Kaka naye alisema atakuja, ila hajui kama akili itakuja naye. Mtu hawezi kufikiri kwa shingo inayogeuka kila saa, alisema. Nilimwambia nitamwombea.

Siku ya mtihani niliwahi, nikapiga deki, nikafuta kompyuta. Viti nilivizungusha meza yote, kama kanuni ilivyotaka. Barazani, baiskeli ilikwisha kuegemezwa kwenye nguzo yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule mama. Akafungua mbeleko, akanipa mtoto. "Nishikie," akasema. Halafu akazunguka meza, akavuta kiti kilicho karibu kabisa na mlango, akakaa, mgongo wake wote ukiutazama mlango. Nilitaka kumwambia dada, umekosea upande. Akaingia wa pili, akakaa pembeni yake. Akaingia mwingine, na mwingine. Wakaujaza ule upande ambao hakuna aliyewahi kuukalia, bega kwa bega, na kile kichanja cha kuku upande wa mbali kikabaki kitupu.

Kaka alipofika alisimama, akawatazama migongo. Mmoja wao akamwambia bila kugeuka, "Kiti cha mfalme hicho. Nenda kakae, unatuchelewesha."

Akaenda akakaa. Kutoka mlangoni usingeona kwake ila nywele.

Msimamizi akaanzisha saa. Mimi niliwekwa kwenye stuli kati ya meza na mlango, nikiwatazama wao, na mtoto begani kwangu akitazama nyuma. Vidole vikaanza kugonga, taratibu, kama matone ya kwanza juu ya bati. Nikaanza kuota, ndiyo tabia yangu: kaka amevaa sweta, yupo kwenye ile nyumba ya vioo, anacheka.

Bawaba ya mlango ikalia.

Mtoto alikuwa ananyonya ngumi yake. Akaacha. Akatulia, macho yamekwama juu ya kitu kilicho nyuma yangu, juu, pale ulipo uso wa mtu mzima. Vidole vya kaka vikasimama. Niliyaona macho yake yakipanda juu ya vichwa vya wenzake na kubaki huko.

Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa naziona kwa ubavu nyuso za waliokaa mwisho wa safu, jasho likishuka mashavuni. Yule mama aliendelea kuchapa, na nina hakika alikuwa anachapa upuuzi, mradi vidole visikike. Shingo yangu iliwaka moto. Lakini nilijua nikigeuka mimi stuli italia, watageuka wote, na wakigeuka ukuta ule umevunjika. Nikampigapiga mtoto mgongoni.

Msimamizi akavua miwani yake. "Mtihani unaendelea, baba," akasema polepole. "Subiri nje."

"Nasubiri," sauti ikajibu, karibu sana na sikio langu, kwa adabu.

Bawaba ikalia tena. Mtoto akarudi kwenye ngumi yake. Kaka akainamisha macho, na baada ya kitambo vidole vyake vikaanza, kimoja, vingine, hadi vikawa vingi kuliko vya wote. Alimaliza saa ikiwa karibu kwisha. Alibonyeza kutuma, akaegemea kiti, akafumba macho.

Walitoka wote kwa pamoja, yeye katikati, kama wanaobeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Barazani hapakuwa na mtu. Baiskeli ilikuwepo. Walimsindikiza hivyo hadi kwake, nami nikawatazama hadi walipoingia kwenye mitaa iliyovuliwa maturubai.

Majibu yalikuja mvua zimeanza. Alikuwa amefaulu, tena vizuri. Msimamizi alicheka, akalia, akanituma nikamwambie. Nilikimbia, viatu mkononi, kwa matope. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa kwa kamba, kwa nje. Nikaita. Jirani mmoja akaniambia kijana yule aliondoka mwenyewe, alfajiri, amejitwika begi lake. Jirani wa pili, aliyekuwa akikinga maji ya bati, akasema hapana, begi lilikuwa limepakiwa kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Wakaanza kubishana.

Nilisogea kwenye ule mlango, nikaweka mdomo karibu na ufa wa mbao.

"Umefaulu, kaka," nikasema.