Sauti ya Mama Ukumbini

Yusta hakwenda kutazama sinema, msidanganyike. Kilichomtoa nyumbani Jumamosi ile alasiri, mtoto mgongoni, ni maneno ya wifi yake kwamba marehemu mama, Bi Esta, yumo ndani ya sinema hiyo. Mama alifariki Yusta akiwa kwa mumewe huko Kwamkoro. Mvua ikakata barabara, akafika kwao Malindi, huku milimani, matanga yameshaanuliwa. Sura anayo, imo kwenye kitambulisho. Sauti ndiyo iliyomtoka. Akijaribu kuikumbuka, inakuja ya shangazi, basi hapo hulia kwa hasira.

Ukumbi wa usharika ukazibwa madirisha kwa mablanketi. Glory, binti wa pale pale aliyesomea kutengeneza filamu, akawasha projekta yake. Loo, sinema yenyewe sasa! Haina muziki, haina msimulizi, haina hata ngumi moja. Ukungu. Miguu inapanda njia. Halafu ukungu tena, mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Glory mwanangu," mzee Nathanaeli akalalama, "ukungu tunao bure huko nje! Steringi yuko wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yusta hakucheka. Alikuwa ameshaitambua ile kanga, na ule mwendo wa kuegemea kushoto chini ya kikapu cha matunda ya plamsi. Mama alikuwa anapanda mlima, kawapa mgongo, wala hageuki.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?" akasema mama, kisha ukungu ukamfunika.

Ndiyo yenyewe! Ile ya kukwaruza kidogo, inayopanda mwishoni.

"Nani alimwamkia?" Yusta akauliza kwa nguvu.

"Mimi, dada," Glory akajibu. "Shikamoo yangu niliikata, nikaacha jibu lake tu."

"Irudishe, mdogo wangu. Nakuomba."

Watu wakaguna: ukungu ule ule tena! Lakini Nathanaeli huyo huyo akawakemea, "Hebu nyamazeni! Mwacheni mtoto amsikie mama yake."

Glory akairudisha. Kikapu kilipotokea, Yusta alikuwa amesimama. Akapiga goti kidogo, kama alivyofunzwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Hakuna aliyekohoa.

"Hatujambo, mama," Yusta akajibu upesi, huku anahangaika kumfungua mtoto mgongoni ili aonekane. "Nimejifungua, mama. Wa kike. Tumempa jina lako. Nilikuja, mama, barabara ndiyo ilikatika, nikalala njiani..."

Alikuwa na mengi, kayaweka mwaka mzima. Alipomwinua mtoto juu, kwenye pazia mama alikuwa ameshapita, wamebaki mbuzi wawili wanakula kabichi za watu. Yusta akaendelea tu kumweleza.