Jibu Namba Nne

Nilikuwa nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo neno nililolitumia kujitetea, kwanza kwa mke wangu, kisha kwa nafsi yangu, na halikunifaa popote.

Nina duka dogo la steshenari Bagamoyo, nyuma ya soko. Natoa kopi, nachapa barua za watu, natengeneza kompyuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikinai virusi vya kompyuta za wateja, nikajifunza Linux, mfumo usiouzwa, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuugawa. Nikawawekea wengine, hasa wenye mashine kuukuu zilizokwisha pumzi. Wakafurahi. Kisha wakaanza kuuliza. Mfumo wa bure hauna ofisi ya kupigia simu ukigoma; una mtu aliyekutangulia kidogo kuujua, na pwani hii, kuanzia Bunju mpaka Msata, mtu huyo nikawa mimi. Tukafungua kundi kwenye simu ili tusaidiane. Kusaidiana maana yake ikawa wao kuuliza na mimi kujibu.

Maswali yenyewe yalikuwa yale yale. Printa haionekani. Sauti haitoki. Mtandao unashika kisha unaachia. Nimesahau neno la siri. Nilijibu nikiwa nakula, nilijibu nikiwa kwenye foleni ya benki, nilijibu siku ya harusi ya binti yangu, nimeshavaa kanzu na wageni wako mlangoni. Mwisho nikaandika majibu tisa, nikayapa namba, nikayabandika juu ya kundi. Mtu akiuliza, nampa namba. Printa, tatu. Sauti, sita. Wakanitania, wakaniita fundi wa namba. Muuza samaki mmoja, ambaye mwanawe yumo kundini, aliniuliza mbele za watu kama ninalo jibu la changu walioanza kunuka. Nilicheka, lakini namba sikuziacha.

Jibu namba nne lilikuwa la mashine iliyokataa kuwaka kabisa. Chomeka flashi yenye mfumo, washa, chagua kufuta diski yote na kuweka upya, subiri. Mwanzoni lilikuwa na mstari wa juu unaosema: kama una vitu vyako humo, usiendelee, niambie kwanza. Mstari huo niliuondoa. Kila aliyeusoma aliniambia kwanza.

Juu ya namba nikaweka na sharti: usisalimie, uliza. Mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa na bibi aliyeweza kumsalimia mgeni mpaka chai ikapoa, na bado nikawakataza watu wazima salamu. Nilisema zinatupotezea muda. Ukweli ni kwamba zilinichosha zaidi ya maswali, kwa sababu swali ukishalijibu limekwisha, lakini salamu inakutaka wewe mwenyewe.

Wote walitii isipokuwa mmoja, mwalimu mstaafu wa Msata. Huyu hakupata kuniuliza jambo bila kuanza na, "Assalamu alaykum fundi wangu, umeamkaje, na wa nyumbani wameamkaje? Huku kwetu manyunyu tangu alfajiri, mihogo imepata nafuu. Yule mjukuu aliyekuwa na homa anaendeleaje?" Swali lake lilikuwa mstari wa mwisho kabisa. Miaka sita nilijifunza kuteremka kwa kidole gumba mpaka chini, nikasoma mstari huo mmoja, nikampa namba yake. Hatukuwahi kuonana. Sauti yake sikuijua. Na maswali yake yalinikera, maana mwezi huu aliuliza printa ya aina hii, mwezi ujao ya aina nyingine, nikawa najiuliza mstaafu gani huyu anayebadili printa kama mashati.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu asubuhi. Duka lilijaa wanafunzi wanaotaka kopi, umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Ujumbe ukaingia kutoka namba ya mwalimu, mrefu kuliko kawaida yake. Nikateremka mpaka chini. "Basi tangu jana kompyuta haiwaki, inaleta maandishi meupe kwenye weusi na kusimama hapo. Flashi uliyomtumia ipo. Tufanyeje?"

Nikaandika "4", nikarudi kwenye kopi.

Jibu lilikuja baada ya alasiri. "Nimefanya kama ulivyoagiza, mtoto wa jirani akinisaidia, imewaka. Lakini sauti za marehemu sizioni. Zimekwenda wapi?"

Marehemu yupi? Nikapanda juu kwenye ule ujumbe wa asubuhi. Salamu, mvua, kisha mstari wa tatu: "Anayekuandikia si mwalimu, ni mkewe. Mwalimu ametangulia mbele ya haki, leo siku ya kumi na tisa. Nakaa eda, ndiyo maana naandika badala ya kuja." Sikuweza kusoma zaidi ya hapo. Niliilaza simu kifudifudi juu ya mashine ya kopi, nikamwambia mwanafunzi aliyekuwa mbele yangu aje kesho. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni.

Nilipompigia, nilianza na kazi. "Mama, izime hiyo kompyuta sasa hivi. Usiiguse tena."

"Nimekosea?"

"Hukukosea wewe."

Nikasikia akifunga mlango. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka chumba cha pili wamsikie, akanieleza sauti hizo ni zipi. Hakuwahi kujua kusoma Kurani. Utotoni alipelekwa shamba wenzake walipopelekwa chuoni, na ukubwani akaona haya kukaa mkekani na watoto. Mumewe alipostaafu akaanza kumfundisha ndani, kila siku baada ya alasiri, herufi kwa herufi, bila mtu kujua, hata ndugu. Walipomaliza Juzuu Amma, ile ya sura fupi, maradhi ya koo yakamshika mwalimu na sauti ikaanza kwenda. Akamrekodia sura ya Yasini nzima kwenye kompyuta, vipande kumi na viwili, anasoma kidogo kisha ananyamaza ili mkewe arudie. Vitatu alikuwa ameshavijua. Alikuwa na miezi minne na siku kumi za eda, na alichotaka ni kimoja: siku ya kutoka, amsomee mumewe Yasini mwenyewe, kwa kinywa chake.

"Zipo Yasini nyingi kwenye simu," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Uchovu una ujinga wake.

"Hizo hazinisubiri," akanijibu.

Kesho yake kabla ya saa nne nilikuwa Msata. Nilipokewa na kaka wa mjane, nikampa pole, tukaomba dua. Mjane aliye edani hakai na mwanamume asiye wa kwao, kwa hiyo mimi nilikaa barazani na yeye ndani, kati yetu pazia la mlango. Nikamwambia pole kupitia kitambaa, haraka haraka, kisha nikaomba kompyuta. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Kinachofutwa kwenye diski hakiondoki papo hapo. Ni kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kiganja: maandishi ya jana bado yanaonekana kwa chini, mradi mtu hajaandika mengine juu yake. Nikaiwasha kompyuta kwa flashi yangu, bila kuigusa diski, nikaiachia programu ichimbe na kila ilichokipata kimwagike kwenye diski ya pembeni niliyokuja nayo. Inachimba polepole. Hakuna cha kufanya ila kuitazama.

Kaka yake akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha. "Mwalimu alikutaja sana," akasema. "Kila mtu hapa alikuwa anamletea matatizo yake. Printa ya zahanati, ya ofisi ya kijiji, ya yule kijana wa steshenari stendi. Anakuuliza wewe, kisha anakwenda kuitengeneza kwa miguu yake."

"Yeye mwenyewe alikuwa na printa?"

"Ya nini? Hakuwahi kuwa nayo."

Nilitafuna muhogo muda mrefu.

Adhuhuri ilitukuta bado inachimba. Ilipomaliza, mafaili ya sauti yalikuwa mia tatu na kitu, na hakuna hata moja lenye jina. Ndivyo yanavyorudi: sauti ipo, jina limepotea, kila moja limepewa namba tu. Nilizitazama namba zile zikishuka kwenye kioo na nikataka kucheka, ila si kwa furaha.

Sauti ya mwalimu sikuijua, na siri ya mkewe sikuwa na ruhusa ya kuicheza barazani mbele ya kaka mtu. Kwa hiyo nikaipitisha kompyuta chini ya pazia, pamoja na hedifoni, nikabaki nje kumwelekeza.

"Unaona orodha, mama? Bonyeza ya kwanza mara mbili."

"Nimebonyeza. Ni mziki."

"Bonyeza mshale wa chini. Halafu tena mara mbili."

"Mkutano wa walimu. Siyo."

"Inayofuata."

"Mawaidha. Siyo."

Nilidhani nitamfundisha mara moja kisha niende zangu msikitini na stendi. Lakini kidole chake kilikuwa kigeni kwenye kompyuta. Mara orodha inapotea, mara dirisha linajifunika, na mimi sioni kitu, naona maua ya pazia. Ikabidi nimuulize anaona nini, nimsubiri aseme, nimwambie hatua moja, nimsubiri tena. Huko kundini mtu wa namna hii ningempa namba nikaendelea na shughuli zangu. Hapa sikuwa na namba. Mgongo uliniuma, miguu ikafa ganzi, na nilikereka, nakiri, hata nikiwa mwenye kosa nilikereka. Nilijizuia tu.

Wakati fulani kabla ya alasiri alikaa kimya muda mrefu.

"Mama? Ni yenyewe?"

"Siyo. Anakohoa tu." Hakubonyeza mshale. Aliiacha mpaka ikaisha.

Kipande cha kwanza tulikipata baadaye kidogo. Sikuambiwa. Niliacha kusikia "siyo", kisha nikasikia sauti ya mwanamke ikisoma polepole, chini chini, inakwama na kurudia, inasubiri na kuendelea. Kaka yake aliinua kichwa, akanitazama, akatazama pazia. Akainuka akaenda kuchota maji ya kutawadhia, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Kufikia jioni tulikuwa na vipande kumi na kimoja vizima. Cha tisa kilirudi nusu, katikati kinageuka mkwaruzo. Nikamweleza kwamba hapo pamekwisha kuandikwa juu yake, kwamba ni ule mfumo mpya niliomwagiza auweke, kwamba hapafufuliki.

"Nusu iliyobaki nitamuuliza wifi," akasema. "Yeye anajua kusoma. Nitamwambia, basi." Nilielewa kuwa siri yake imekwisha, na kwamba aliyeimaliza ni mimi.

Nikahifadhi vipande vyote mahali pawili, safari hii kwa majina: Yasini ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho. Nikafunga begi langu.

"Fundi," akaniita.

"Naam, mama."

"Ile ya mwalimu umempa?"

"Ipi?"

"Radhi. Alikuomba. Niliiandika humo."

Nikatoa simu. Nikaufungua ule ujumbe na kwa mara ya kwanza nikapita mstari wa tatu. "Kabla hajakata kauli alisema nikikwama nikuulize wewe, maana miaka yote hukumwacha bila jibu. Akasema pia nimwombee radhi kwako kwa kukusumbua, alijua umechoka." Chini yake ndipo swali la kompyuta. Na chini ya swali, nne yangu.

"Nimemsamehe, mama," nikasema. "Hakunikosea kitu. Lakini mimi ndiye niliyemkosea. Nimwombe nani sasa?"

Nje watoto walikuwa wanarudi na madumu ya maji.

"Mwandikie," akasema. "Simu yake ninayo mimi."

Nikaketi tena barazani. Niliandika Assalamu alaykum mwalimu wangu, kisha nikakwama, kwa sababu aliyekufa huwezi kumuuliza ameamkaje. Nikawauliza hali wa nyumbani kwake, nikauliza mvua, nikauliza mihogo, nikamwambia mjukuu alipona homa ile, siku nyingi, na kwamba sikumwambia wakati ule. Radhi yangu nikaiweka mstari wa mwisho, mahali alipokuwa akiweka maswali yake. Nikatuma.

Nyuma ya pazia simu ikalia mara moja. Alichelewa kunijibu, kwa kuwa aliusoma wote.