Fomu Niliyoificha Chini ya Chaki

Nilikosa mimi. Si mzazi, si posta, si chuo. Mimi mwalimu, mtu ambaye watoto walimwamini kuliko redio!

Nivumilieni nieleze pole pole, kama ninavyoeleza darasani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifundisha biolojia katika shule moja ya Jinja. Nilikuwa na mwanafunzi nitakayemwita Okiror, ingawa si jina lake. Aliishi mtaa wa Walukuba na baba yake, askari wa jela. Kijana mpole, hodari, mtu wa kusubiri zamu. Hata vitabu vikigawiwa, yeye alikuwa wa mwisho. Lakini mpe mbuzi mgonjwa! Angempapasa tumbo, asikilize, kisha akuambie kinachomuuma.

Alitaka udaktari wa mifugo. Vyuo viwili vikampokea: kimoja kikubwa, chenye jina, kingine kidogo, nje kidogo ya Mbale, ambacho hata mimi sikuwa nimekisikia.

Akaenda kukiona kile kidogo. Akarudi anacheka peke yake.

"Mwalimu, darasa lao watu ishirini tu! Na siku ileile wamenipa ng'ombe nimshike. Kule kwenye kikubwa wanasema ng'ombe mmoja, wanafunzi arobaini."

"Utasukumana kama wenzako."

"Mimi kusukumana siwezi, Mwalimu. Si unanijua?"

Nilimjua! Hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Katika ukumbi wa shule kulikuwa na ubao. Kila aliyekwenda chuo kile kikubwa aliandikwa kwa rangi ya dhahabu, na pembeni somo lililompeleka. Historia ilikuwa na majina. Hesabu pia. Biolojia, hata moja! Wa vyuo vidogo hawakuandikwa. Wenzangu walinitania wakati wa chai: "Mwalimu wa vyura, rangi itakauka koponi!"

Okiror akajaza fomu ya kukubali nafasi ya Mbale, akanipa niipeleke posta, kwa kuwa nilipita hapo kila siku. Baba yake naye akaja, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi afande tu, mambo ya chuo sijui. Wewe nasema, sisi nafuata."

Fomu niliitia kwenye droo, chini ya pakiti za chaki. Siku ya mwisho ikapita. Nikamwambia kijana, "Mbale wamenyamaza. Labda wamejaa." Akainamisha kichwa. Akaenda chuo kikubwa, nami nikapata jina langu la dhahabu.

Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya tisini nilikwenda Nakaloke, karibu na Mbale, kuwaona wakwe zangu. Nikapita buchani kuchukua nyama. Nani yuko nyuma ya meza, kisu mkononi? Okiror!

"Mwalimu wangu!" Akajifuta mikono, akanishika kwa furaha. Mwenzake aliyekuwa akichuna ngozi akacheka: "Daktari, mgonjwa wako wa leo amepona?"

Akanisimulia bila kinyongo. Kule chuo kikubwa alisubiri zamu yake, nayo haikufika. Kwenye mtihani wa vitendo aliambiwa apime mimba ya ng'ombe, na hakuwa amewahi kujaribu hata mara moja. Akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Wakamrudisha nyumbani.

"Ile ya Mbale ndiyo iliniuma," akasema. "Sikujua kwa nini walinikataa. Nilidhani siku ile nilimshika ng'ombe vibaya."

Jamani! Miaka yote hiyo alikuwa akijilaumu kwa mkono wake uliokuwa sahihi!

Maneno yalikuwa mdomoni. Ningesema tu, "Ni mimi." Badala yake nilisema, "Kilo mbili." Akapima, akaongeza kipande cha maini. "Hiki cha mwalimu wangu." Nyama ile sikuweza kuila.

Walimu wenzangu, wazazi, msifanye nilivyofanya! Mtoto akikujia na barua mbili, usitazame ipi ina jina kubwa. Mtazame yeye. Wapo wanaochanua kwenye kundi, na wapo wanaohitaji mahali ambapo zamu yao itafika. Akishachagua, msindikize mpaka posta, barua uache aitumbukize mwenyewe.

Fomu bado iko kwenye droo. Na jina bado linang'aa ukumbini. Juzi msichana wa darasa langu alilinyooshea kidole: "Mwalimu, huyu Okiror ni daktari wa wapi?"

Nikamwambia afungue kitabu.