Unga wa Papai na Pumzi ya Mama

Papai bichi likichanjwa alfajiri hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine: ukali wa majani mabichi, na nyuma yake uchachu wa maziwa yaliyolala. Harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha utotoni, pale Kamina, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, katika nyumba yetu ya matofali ya udongo ukingoni mwa mji. Mama alikuwa tayari yuko kwenye mipapai yake, akichora ngozi ya matunda kwa kijiti cha mwanzi kilichonolewa. Kisu cha chuma hakukitaka, kwa kuwa kiliyageuza rangi maziwa ya papai. Utomvu ulidondoka juu ya kitambaa alichokitandaza chini ya mti, ukaganda, nasi tukauanika mpaka ukawa makombo ya rangi ya siagi.

Mnunuzi mmoja wa Kizungu alipita kuyachukua makombo hayo yasafirishwe kwa reli. Baba, fundi wa karakana ya treni na mtu wa kudadisi kila kitu, alituambia kwamba huko yaendako yalilainisha ngozi za viatu, yaliondoa ukungu kwenye bia iliyopozwa, na kuwasaidia watu ambao matumbo yao hayasagi nyama. Sisi hatukushangaa. Maziwa yale yalikula nyama, na hayakuchagua ni nyama ya nani. Mama alijipaka mawese mikononi kabla ya kuanza, na siku aliyosahau ncha za vidole zilichubuka, akashindwa kusonga bukari, ugali wetu. Siku hiyo tulikula bukari ya baba, yenye madonge ya kutosha kujengea ukuta.

Msimu ninaoukumbuka zaidi ni ule wa mvua ambapo mnunuzi alisema hataki tena makombo, anataka unga. Unga wenyewe hauvumilii unyevu. Basi mama alifunga mlango na dirisha, akatwanga na kuchekecha chumbani mlemle tulimolala. Vumbi lilikuwa jepesi mno, likatua kwenye blanketi, kwenye nguo za misa, kwenye nywele zetu. Haukupita muda mama akaanza kukohoa. Kisha kifua kikawa kinapiga mluzi, na mwishowe hakuweza kumaliza sentensi bila kutua. Niliogopa kwamba mama atakufa, na hofu hiyo naijua mpaka leo mahali inapokaa mwilini mwangu.

Ukoo ukakutana. Mdogo wangu aliyezaliwa mwaka ule alikuwa bado hajapewa jina la babu marehemu, kama desturi yetu Waluba inavyotaka, na wakubwa wakaamua kwamba babu amekasirika na ameingia nyumbani.

"Hii nyumba iko mubaya," baba akasema. "Tutoke."

Mtoto akapewa jina. Baba akajenga nyumba nyingine upande wa pili wa shamba, akaiacha ile ya kwanza ibomoke. Siku ya kuhama mvua ilitutishia tangu asubuhi, kwa hiyo vitu vya kwanza kuingizwa katika nyumba mpya, hata kabla ya kitanda cha mgonjwa, vilikuwa magunia ya papai, kinu na chekeche. Leo nikikumbuka nacheka. Siku zile hakuna aliyecheka, maana hata huko mama alizidiwa.

Jirani yetu Mama Ngalula ndiye aliyekuja kumuuguza. Alikuwa mke wa karani wa stesheni, mtu wa jimbo la Kasai, mnene, mwenye sauti kubwa, asiyejua kukaa bure. Aliona makombo yanamngoja mama, akajifungia nayo akatwanga na kuchekecha kwa niaba yake. Baada ya siku chache tukasikia kifua cha pili kikipiga mluzi uleule. Akatoka mlangoni anatiririka machozi, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi, akamkabili baba.

"Bankambo benu banitafute minyi juu ya nini? Minyi niko muntu wa Kasai! Hapana, baba. Ile bunga njo iko naua muke wako."

Baba akageuka kuuangalia ule unga. Babu wa ukoo wetu angemfuata nini mke wa karani kutoka Kasai? Mama Ngalula hakungoja ruhusa: alitoa magunia nje, akamwagia sakafu maji, akafua kila blanketi. Mnunuzi alipofika, Mama Ngalula alimwambia achukue makombo au aondoke, naye akayachukua kwa shingo upande. Mama hakuchekecha tena maishani mwake. Pumzi yake ilirudi taratibu, na Jumapili aliyoimba tena misani nililia kwa furaha mbele ya watu wote.

Leo binti yangu hununua dukani kopo la unga wa kulainishia nyama, uliotokana na papai lilelile, na nyuma yake pameandikwa kwamba vumbi lake lisivutwe. Nashukuru kwamba imeandikwa. Sisi ilibidi mtu akohoe kwa ajili yetu.

Mama aliishi hadi uzee. Katika miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa jimboni kwetu kama wageni, Mama Ngalula, mjane asiye na jino hata moja, aliketi stesheni juu ya mizigo yake akingoja treni, huku watu wakimzomea arudi kwao. Mama alichinja kuku wake mkubwa. Alimfunga kwanza katika majani ya mpapai, akiwa bado mbichi, maana moto huua nguvu ya maziwa yale. Kisha akampika, akavuka mji mzima kwa miguu na chungu kichwani, nami nyuma yake, akapita katikati ya waliokuwa wakizomea.

"Kamata, yaya," akasema, kama tumwitavyo dada mkubwa. "Hata bila meno, utakula."

Mama Ngalula hakuangalia chungu. Aliweka kiganja juu ya kifua cha mama, akasikiliza.

"Uko napumua muzuri," akasema.