Kilindo Kifupi

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni akanieleza kwamba duara likipanuliwa mara mbili, nafasi iliyomo ndani yake huongezeka mara nne. Nikakumbuka alasiri moja ya enzi za Mjerumani, nyumbani kwetu karibu na Dodoma, hewa ikinukia vumbi na uwele.

Mama alihifadhi uwele huo katika vilindo viwili vya magome ya mti. Kimoja kilikuwa chembamba na kirefu kunipita. Kingine kilinifika kiunoni tu, lakini kilikuwa kipana. Mvua ilikuwa imekatika mapema, na hatukuwa na akiba nyingine.

Askari alifika na wapagazi. "Kimoja cha serikali, kimoja chenu," alisema. "Chagua, mama."

"Tuachie hiki kifupi, bwana," Mama alijibu, ameinamisha kichwa.

Askari alitabasamu. Mimi nililia, maana niliamini kwamba kirefu ndicho chenye chakula kingi, na kwamba woga wa Mama ungetuua kwa njaa. Wapagazi walimimina uwele wa kile kirefu katika magunia yao, wakaondoka wakiimba.

Ndipo Mama akaanza kuchota uwele wa kilindo kifupi na kuumimina katika kile kirefu kilichobaki kitupu. Ulivuma kama mvua mpaka ukafurika. Nikachungulia ndani ya kile kifupi, nikakuta bado kina karibu nusu.

Nilisahau kulia. "Mama, huu umetoka wapi?"

"Ulikuwamo," alininong'oneza. "Punguza sauti, bado hawajavuka kilima."