Kinyozi Ukuta na Limau la Mama Mkwe

Mji ule ulikuwa na watu wengi wa kuchekwa, lakini ulikuwa na kinyozi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Wakamwita Ukuta. Si kwamba alikuwa mkali. Watoto walimpenda, na wazee walimwachia shingo zao bila wasiwasi. Tatizo lilikuwa uso. Ungemwambia kwamba mkewe kajifungua mapacha, au duka lake linaungua, angekutazama vilevile, kama mtu anayesubiri zamu benki, kisha akuulize, "Nyuma nipunguze au niache?"

Uso ule hakuzaliwa nao. Zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi, fundi wake alimwambia kwamba mteja hatazami kichwa chake kwenye kioo, anatazama uso wa kinyozi. Mashine ikiteleza, usishtuke. Ukishtuka, mteja atapiga kelele. Ukitulia, atadhani ndio mtindo. Kijana akalishika somo, akalishika kupita kiasi. Alianza kwa kutoshtuka, akaja kutokunja uso, mwishowe hata tabasamu likakauka. Kicheko alikuwa nacho, ila alikibeba mpaka nyumbani, akajifungia bafuni, akafungua bomba, akakimalizia huko. Mkewe, fundi wa kushona mapazia, aliamini miaka yote kwamba mumewe hapatani na maji baridi, ndiyo maana anakohoa.

Sasa, mji wenyewe uliishi kwa machungwa na ndugu zake wote, machenza, malimau, madanzi na mabalungi. Kila mwaka mavuno yakikamilika hufanyika sherehe. Barabara ya soko hufungwa, maroli hupambwa kwa majani, na muuza nyama huvaa kofia ya ganda la balungi bila kuombwa na mtu. Lakini kinachojaza uwanja ni shindano la malimau. Watu wawili huketi mezani wakitazamana, wakatafuna malimau yaliyokatwa vipande, na atakayekunja uso kwanza ameshindwa. Ukuta alikuwa bingwa kwa muda mrefu hivi kwamba watu walishasahau aliyemtangulia.

Mwaka huo mama mkwe wake alikuja kuwatembelea wiki ya sherehe. Alikuwa mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, na hakuna jambo lililomuudhi kama mtu kula chakula chake kimyakimya. Siku ya kwanza aliingia jikoni mwenyewe, akapika kuku kwa vitunguu vingi, akamwekea mkwewe bakuli la kwanza.

"Mchuzi umeuonaje, mwanangu?"

"Mzuri sana, mama," alisema Ukuta. Na kweli ulikuwa mzuri. Moyoni alikuwa anapiga magoti. Ila uso haukupata habari.

Mama akanyanyuka, akamfuata bintiye jikoni. "Mume wako ananiambia mchuzi mzuri kwa uso wa mtu anayetambua maiti."

"Mama, ndio uso wake huo. Hata siku ya harusi alikuwa hivyo."

"Siku ya harusi nilidhani kiatu kinambana," alisema mama. "Kumbe ni ukaidi. Basi ngoja, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

Kesho yake alijitanda, akatoka, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Miguu ilimnyooshea mpaka ofisi ya kamati ya sherehe.

Ukuta alizipata habari kutoka kwa muuza nyama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na povu mpaka masikioni. "Nimesikia mpinzani wako mwaka huu ni mkweo," alisema.

Wembe haukutikisika. Uso haukutikisika. Lakini Ukuta alikinyoa kidevu kilekile mara tatu. Mama mkwe ni mtu ambaye ukikutana naye njiani unapisha, ukiongea naye unatazama chini. Utakaaje naye meza moja, ukamkazia macho, tena mbele ya mji mzima, ukiwa na limau mdomoni?

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye sharubu nene alizozitunza kama bustani, akaomba kujitoa. Mwenyekiti akamwonyesha ukuta wa ofisi. Matangazo yalikuwa yameshachapwa, na kila tangazo lilikuwa na uso wa kinyozi. "Ukijitoa, hizi picha zote nizipeleke wapi?" aliuliza. "Watu watadhani umefariki."

Jioni akamgeukia mkewe, aliyekuwa anapiga pasi pazia.

"Mama watoto, nifanyeje?"

"Ukimshinda hatanisamehe mimi," alisema mkewe bila kuinua kichwa. "Ukimwachia kwa makusudi hatakusamehe wewe. Mimi nitakaa mbele, ila usinitazame."

Siku ikafika. Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya maroli. Mama mkwe aliketi amefunga kilemba cha rangi ya kijani, kimekaza vizuri, mikono juu ya meza kama anasubiri kuapishwa. Ukuta akaketi, akajikohoza, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inua macho, mwanangu. Leo ruhusa."

Akainua. Kengele ikagongwa, na wote wawili wakatia kipande cha kwanza mdomoni.

Yalikuwa malimau mabaya. Yaliuma meno, yakapanda puani, yakagonga mlango wa ubongo. Ukuta alitafuna kama anayetafuna mkate. Upande wa pili mama naye alitafuna, uso umetulia kama maji ya mtungi. Kipande cha pili, vilevile. Cha tatu, mtoto mmoja kwenye hadhira akaanza kulia kwa niaba yao. Ukuta alianza kumheshimu mkwewe kwa namna mpya kabisa. Akauchunguza uso ule apate ufa hata mdogo. Hakuna. Jicho halikupepesa, pua haikukunjana.

Ndipo alipoona masikio.

Masikio ya mama mkwe yalikuwa yanapanda na kushuka. Ukali wote ambao uso uliukataa ulikuwa umekimbilia nyuma, ukatafuta pa kutokea. Na kila masikio yalipopanda, ngozi ya kichwa ilijivuta, na kilemba kikarudi nyuma kidogo. Mtu hakukigusa. Kilikuwa kinatembea chenyewe, taratibu, kama mgeni anayeondoka bila kuaga, huku mwenye kichwa akitazama mbele kwa utukufu wote.

Ukuta alijaribu kufikiria misiba. Akafikiria meno yake. Akafikiria bomba la bafuni, na hilo likawa kosa, maana kicheko kilidhani kimeshafika nyumbani. Kilitoka na kipande cha limau, kikavuka meza, kikatua kwenye kofia ya muuza nyama. Kinyozi akalala juu ya meza, mabega yanaruka, machozi yanamtiririka, na sauti yake ilikuwa ya bata anayefukuzwa.

Uwanja mzima ulicheka. Mkewe alisimama. "Kumbe ndio hicho kikohozi," alisema polepole, akakaa.

Hapo ubishi ukaanza. Mshindani mmoja ameanguka, sawa, lakini je, huyu mwingine hakutikisa masikio kabla? Na masikio ni sehemu ya uso? Mwenyekiti alisema uso unaishia pale ndevu zinapoishia. Bibi mmoja akauliza basi wanawake wao uso wao unaishia wapi. Muuza nyama akasema yeye akiuza kichwa cha mbuzi huuza na masikio yake, lakini hiyo ni habari ya kichwa, haihusu uso. Mwishowe waliamua kwa kupiga kura ya mikono, na mama mkwe akavishwa taji la majani ya mchungwa, juu ya kilemba ambacho alishakirudisha mahali pake bila kumtazama mtu.

"Ulicheka nini, mwanangu?" alimuuliza mkwewe wakiwa njiani kurudi.

"Nilikumbuka jambo, mama."

"Hilo jambo lilikuwa kichwani kwako au kichwani kwangu?"

Ukuta akashikwa tena, ikabidi aegemee nguzo ya umeme. Mama akamngoja, anamtazama kwa kuridhika kama mpishi anayemwona mtu anaramba sufuria.

Kicheko kilichofunguliwa hakikufungika tena. Kesho yake asubuhi mwenyekiti alikuja kupunguzwa sharubu, awe nadhifu kwa hotuba ya kufunga sherehe. Katikati ya kazi akauliza kwa upole, "Hebu niambie, kile kilemba kilikuwa kinakwenda vipi?" Ukuta akaanza kueleza. Hakufika mbali. Sharubu ya kushoto iliondoka mara moja, na ya kulia ikabidi iifuate kwa ajili ya haki.

Alipofika uwanjani, kinyozi na mkewe wakimfuata, mlinzi alimtazama mtu yule mwenye mdomo mtupu, akakataa kumfungulia geti.

"Mimi ndiye mwenyekiti," alisema mwenyekiti.

"Mwenyekiti ana sharubu."

"Muulize kinyozi, huyu hapa nyuma yangu. Yeye ndiye aliyezinyoa."

Mlinzi akamgeukia Ukuta. "Sema mwenyewe, ndiye au siye?"

Ukuta alifungua mdomo ajibu, ikatoka sauti ya bata. Akaufungua tena, akatoka bata yuleyule. Mkewe ikabidi amshike mkono, ampeleke pembeni, ampe maji.